Kibuyu Nilichokiosha

17 Machi, Jumatatu

Daftari hili si la mambo yangu. Ni kitabu cha wageni cha makumbusho ya chuo, kurasa mia mbili, na tangu Januari wametia sahihi watu kumi na mmoja, mmoja wao mimi mwenyewe nikijaribu kalamu. Leo Madam Mugure, naibu mkuu wa chuo, ameniletea kipya chenye jalada gumu kwa ajili ya Siku ya Wageni, akasema hiki nikitupe. Mimi si mtu wa kutupa karatasi. Nitaandika humu mpaka mvua iishe, kama itakuja.

Makumbusho yenyewe ni stoo ya zamani iliyopakwa rangi. Ndani mna vigoda vitatu vya wazee wa Kiturkana, mtego wa samaki kutoka Kataboi, shanga, na fuvu la mamba ambalo wanafunzi hulivalisha miwani. Nje ni bustani ya miti ya jangwani, miti kumi na minne, kila mmoja na namba na kibao cha jina. Vibao vinne vimeliwa na mbuzi wa mtaa wa Kanamkemer. Mtunzaji wa yote haya ni mimi, Kipngeno, mtu wa Bomet, mwaka wa sita Lodwar na bado jua la saa saba linanitukana.

21 Machi

Akuei ameniuliza kwa nini makumbusho hayana kitu cha watu wa Kakuma. Akuei ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Mdinka aliyezaliwa huko Kakuma, katika kambi ya wakimbizi, na ndiye kiongozi wa wageni kila shule inapotembelea. Anasema kwao kuna kibuyu cha maziwa ambacho bibi yake alikibeba kwa miguu kutoka Bor, kule Sudan Kusini, mwaka wa tisini na mbili. Nikamwambia twende Jumapili.

23 Machi, Jumapili

Kakuma. Vumbi mpaka kwenye meno.

Mama yake Akuei anaitwa Adut, anauza chai karibu na kanisa lao. Mwanamke mrefu, hana maneno mengi, na chai yake ina tangawizi ya kuamsha maiti. Bibi ni Amou. Macho yake yamekwisha kabisa, ila ukiingia anageuza uso pale pale ulipo.

Kibuyu kilikuwa kimetundikwa juu ya kitanda chake kwa ukanda wa ngozi. Adut alikishusha akampa. Bibi akainua kifuniko kidogo tu, akaweka pua, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Akamsogezea Akuei, naye akanusa. Kisha bibi akafunga haraka na kusema jambo kwa Kidinka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema usikiache wazi, mwalimu."

Nikadhani ni mambo ya mende. Maana ya kule kunusa niliielewa mara moja. Marehemu mama alikuwa akinusa kila kibuyu kabla hakijatoka nyumbani, kuhakikisha ni safi. Mimi ni kitinda mimba wa nyumba isiyo na binti, kwa hiyo kazi ya vibuyu ilikuwa yangu, na nimecheka na kuchekwa sana kwa ajili yake. Hiki cha Amou kilitoa harufu kali ya moshi wa mavi ya ng'ombe, mkojo wa ng'ombe na samli iliyolala. Nikamwonea huruma bibi. Nikasema moyoni, maskini, ameona haya kukitoa hivi.

Adut akaniambia kabla sijaondoka: "Ustaz, hii kitu si yangu. Mama ndiye anakupa, na anakupa ya kurudisha. Siku ya wageni ikiisha, wewe unaleta. Sawa?"

"Sawa kabisa."

"Hapana mimi. Sema na yeye."

Nikamshika bibi mkono nikasema nitakirudisha. Akuei akatafsiri. Bibi akajibu kwamba ni sawa, watu waone kwamba alikuwa na ng'ombe.

24 Machi

Upepo. Hakuna mgeni.

27 Machi

Madam Mugure amepita kukagua. Amesifu vibao vipya, amesifu kabati la kioo, kisha akasimama mbele ya kibuyu na kuziba pua kwa mtandio.

"Kipngeno, hicho kitu kinanuka mkojo. Watu wa kaunti watasimama hapa na vikombe vya chai mkononi."

Nikamwambia aniachie mimi. Nilisema kwa majivuno, nakiri.

28 Machi

Kazi nzuri leo, lazima niisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kuisifu.

Nilianza saa mbili asubuhi. Maji ya moto, changarawe ndogo kutoka lagani, kwenye mto mkavu, nikatikisa. Maji ya kwanza yalitoka ya rangi ya chai, ya pili ya manjano, ya nne safi. Yote nikayamwaga kwenye mti namba saba, maana hapa maji hayamwagwi ovyo. Kisha nikasugua ndani kwa ufito wa mtende, nikakianika kivulini. Mchana nikatoa mkebe wangu wa vijiti vya senetwet. Huo ndio mti ambao kwetu tunapaka vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa mkaa wake, na kila Desemba narudi na mkebe mmoja kutoka Bomet. Nikachoma kijiti, nikakisugua ndani kikiwa bado na moto, mara tatu, kama nilivyofundishwa.

Nilipoinua kifuniko jioni nilikuta jikoni kwa mama. Si mfano wa jikoni, ni penyewe: moshi mtamu, maziwa, ukuta mweusi nyuma ya mafiga. Machozi yalinitoka, mtu mzima. Mama hakuwahi kurudisha chombo cha jirani bila kukiosha. Angesema: huyu mtoto nimemlea, nimemaliza. Bibi Amou atafurahi.

2 Aprili

Mawingu upande wa milima ya Loima. Hayajafanya kitu.

4 Aprili, Ijumaa

Siku ya Wageni.

Niandike kwa utaratibu. Walikuja zaidi ya mia, watu wa kaunti, walimu, wazee, wafanyabiashara wa mjini. Bustani ilimwagiliwa tangu alfajiri. Wazee wawili walivutana juu ya jina la mti namba kumi na moja na kila mtu alifurahi. Makumbusho yalijaa mpaka mlangoni. Akuei alisimama kando ya kabati amevaa shanga za kwao, na sauti yake ilikuwa thabiti.

Akasema kwamba bibi yake aliondoka nyumbani na kibuyu hiki na watoto watatu, akafika Kakuma na kibuyu na mtoto mmoja, ambaye ndiye mama yake. Kwamba kambini hawana ng'ombe, kwa hiyo kibuyu hakijaguswa na maziwa tangu siku hiyo. Na hakijaguswa na maji. "Bibi yangu haoni," alisema. "Kila jioni anafungua kidogo, ananusa nyumbani kwake, na anafunga. Tukiwa wadogo, tukifungua sana, alikuwa anatuambia: funga, itaisha. Leo amekubali mnuse mara moja tu."

Akafungua kabati. Akainua kifuniko, akanusa yeye kwanza.

Nilikuwa nimesimama karibu na mtego wa samaki. Niliuona uso wake ukisimama, kisha macho yake yakanitafuta. Nikaangalia chini. Akashusha kifuniko taratibu, akawaambia wageni kwamba samahani, wapo wengi mno, harufu haitatosha. Watu wakapiga makofi. Madam Mugure alipiga makofi kuliko wote.

Walipoondoka, Akuei alinijia pale bustanini.

"Mwalimu, hii kitu imebadilika. Umeweka nini?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sentensi moja tu. Badala yake nikasema: "Ni dawa ya wadudu. Makumbusho yote huweka. Itaisha yenyewe."

Akashusha pumzi. "Aki nilishtuka. Basi sawa."

Aliniamini. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka sasa ninapoandika.

5 Aprili

Nimekwenda kwenye mti namba saba, nikapiga magoti, nikanusa udongo. Harufu kidogo ipo bado. Nilichota gao moja la mkono nikalitia kwenye mfuko wa karatasi. Sijui nilitaka kulifanyia nini.

6 Aprili, Jumapili

Mvua. Ilianza tukiwa kanisani na kuziba mahubiri yote. Mto Kawalase umejaa kingo kwa kingo. Nikakimbia chuoni kwenye mti namba saba. Udongo wote umekwenda na maji.

8 Aprili

Adut amepiga simu. Mama anauliza kibuyu. Nikamwambia barabara imekatika. Ilikuwa kweli.

9 Aprili

Mvua.

11 Aprili

Adut tena. Nikamwambia barabara imekatika. Malori yalikuwa yamepita tangu asubuhi, niliyahesabu mwenyewe kutoka dirishani.

12 Aprili

Leo nimefanya upumbavu ambao sitamsimulia mtu. Nilikwenda ng'ambo ya mto Turkwel kwa mama mmoja Mturkana mwenye ng'ombe wanne, nikamsalimia "ejok" kwa sauti ya mtu mwema, nikamwomba mkojo wa ng'ombe na mavi makavu. Alinitazama sana. Akaita jirani zake waje wanitazame pia. Walinipa, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nilifukiza kibuyu nyuma ya stoo. Harufu iliyotoka ilikuwa ya ng'ombe, ndiyo, lakini ng'ombe wa jana. Na chini yake senetwet bado iko, imeng'ang'ania. Nilipaka vizuri mno.

Nilianza kujiuliza kwa nini sikumuuliza bibi. Neno moja tu: nikioshe? Akuei alikuwa pale, angetafsiri. Sikuuliza kwa sababu nilijiona najua. Kibuyu ni kibuyu, nilisema, na mimi ni fundi wa vibuyu. Nimesimama miaka sita nikiwaambia wanafunzi wasiguse vitu vya watu, na kibao nimekiandika kwa mkono wangu.

15 Aprili

Mvua kidogo. Bustani imechanua. Maua ya waridi kwenye mti namba tatu, watu wanapigia picha. Sina hamu nayo.

17 Aprili

Chuo kimefungwa kwa Pasaka. Akuei anakwenda nyumbani, na akaniuliza kama atakibeba. Nilipaswa kusema nitakipeleka mwenyewe, maana mimi ndiye niliyeshika mkono wa bibi. Nikasema: "Ndiyo, kibebe, itakuwa rahisi." Nikakifunga kwa kitambaa kizuri cheupe. Nimekuwa hodari wa vitambaa.

20 Aprili, Pasaka

Padri alizungumzia jiwe lililoviringishwa. Nilitoka kabla ya baraka.

22 Aprili

Adut amepiga simu saa nane mchana. Hakusalimia.

"Ustaz, hii si ya mama."

Nikasema ni hicho hicho, aangalie ukanda, aangalie ufa mdogo wa chini.

"Ukanda naona. Macho yangu iko. Mama hana macho, yeye amenusa, amesema hii ni ya watu wengine. Amesema mpeleke kwa mwenyewe. Ameirudisha kwa kitanda yangu, hataki." "Ustaz, niambie kweli. Akuei ameuza ya mama kwa wale wageni? Ametoa ukanda, ameweka kwa ingine? Watu hapa wanasema wageni wananunua vitu ya zamani."

"Akuei anasema nini?"

"Anasema dawa. Dawa gani inanuka moshi? Mimi nimekulia kwa moshi, ustaz."

Nikasema nitaangalia kwenye rekodi.

Nimeandika maneno kama yalivyotoka kinywani mwangu. Kwenye rekodi. Mtoto wa watu anaitwa mwizi mbele ya bibi yake, na mimi natafuta rekodi.

23 Aprili

Ujumbe wa Akuei: Mwalimu tafadhali pigia mama umwambie ni ile dawa. Hawaongei na mimi.

Sikujibu.

24 Aprili

Sikujibu.

25 Aprili

Mvua nzito. Niliitazama barabara kwa matumaini kwamba itakatika. Nimefika hapo.

28 Aprili

Madam Mugure ameleta barua ya pongezi. Watu wa kaunti wanataka kibuyu kikae hapa daima, na shule zianze kuja kila Ijumaa. "Umeona?" akaniambia. "Na kilivyonukia vizuri." Nikamwambia kilikuwa kinanukia vizuri hata kabla. Hakunielewa, akanipiga bega.

3 Mei, Jumamosi

Nimekwenda Kakuma.

Adut alikuwa akichemsha maji. Akuei alikuwa anaosha vikombe nyuma, akanyanyuka aliponiona, uso ukang'aa kwa kuwa alidhani nimekuja kumtetea kuhusu dawa. Heri angenitemea mate.

Nikaomba tukae mbele ya bibi. Nikaomba Akuei atafsiri. Kisha nikaona nimemtwika mzigo mwingine tena, nikamgeukia mama yake. "Adut, tafsiri wewe. Akuei asikilize tu."

Nikasema kibuyu ni hiki hiki. Akuei hakuuza kitu. Hapakuwa na dawa, dawa niliitunga. Nilikiosha. Maji ya moto mara nne, changarawe, ufito, mkaa wa mti wa kwetu. Niliona bibi akinusa nikadhani anaona haya kwa uchafu.

Adut hakutafsiri mara moja. Alinitazama, kisha akamtazama binti yake, na mkono wake ukaanza kwenda kwa Akuei ukaishia njiani. Akuei alikuwa ameangalia ukuta.

"Siku kumi na moja," Akuei akasema kwa Kiswahili, si kwangu, kwa ukuta. "Siku kumi na moja nimekuwa mwizi."

Adut akatafsiri. Alisema maneno machache kuliko yangu. Vidole vya bibi vilicheza juu ya goti. Nikangoja kulaaniwa. Nilitaka kulaaniwa, nikiri hivyo pia.

Badala yake akauliza jambo, na Adut akaniambia: "Anauliza huo mti ni wa nani."

"Wa mama yangu. Mama ndiye alinifundisha."

"Anauliza mama yako yuko?"

"Hayuko. Mwaka wa nne sasa."

"Anauliza ng'ombe wake aliitwa nani."

"Chelel. Alikuwa mweupe."

Bibi akalirudia jina lile polepole, akalikosea kidogo. Akanyoosha mikono, Adut akampa kibuyu. Akafungua kidogo, akanusa, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta hodi yake imejibiwa na nyumba nyingine. Kisha akanyoosha kibuyu hewani, pale hasa nilipokuwa nimekaa, na kusema.

Adut alitafsiri huku akikaza taya. "Anasema chukua. Wewe uko na mtu humu ndani. Yeye humu hana mtu tena."

Nikasema siwezi. Nikasema ni cha nyumba hii, ni cha Bor, nitafanya lolote. Bibi hakuvuta mkono. Mkono ulianza kushuka kwa uzito, ikabidi nikipokee.

Akuei hakunisindikiza. Adut alinifikisha mlangoni, akasimama.

"Mimi nimekukasirikia," akasema. "Lakini zaidi mimi mwenyewe. Mtoto aliniambia kweli yake, nikamwamini moshi." Akarudi ndani kwa binti yake. Sikungoja kusikia.

5 Mei

Mvua imekwisha. Redio inasema hivyo, na mbingu pia.

9 Mei

Chuo kimefunguliwa. Akuei amerudi, ameacha kuongoza wageni. Tulipishana bustanini nikasema "ejok". Akapita.

13 Mei

Nilimweleza Madam Mugure yote. Alikaa. Alisema hakuniambia nikioshe, alisema kinanuka tu, na hilo ni kweli. Kisha akasema tukiweke kabatini na kile kibao kilichokuwapo Siku ya Wageni, kisemacho zawadi ya jamii ya Kakuma, kwa kuwa wageni hawahitaji habari zote. Nikamwambia kibao nitaandika mimi au atafute mtunzaji mwingine. Alinitazama kama vile mama wa Turkwel alivyonitazama. Lakini hakukataa.

14 Mei

Nimeandika kibao mara sita. Hiki ndicho:

"Kibuyu cha maziwa. Kilikuwa cha Amou wa Bor, aliyekibeba kwa miguu hadi Kakuma na kutunza ndani yake harufu ya nyumbani kwake kwa miaka thelathini na tatu. Tarehe 28 Machi mtunzaji wa makumbusho haya alikiosha bila kumuuliza."

16 Mei, Ijumaa

Shule ya kwanza, kutoka Kanamkemer, watoto thelathini. Walivalisha mamba miwani. Walipofika kwenye kabati, msichana mmoja mwenye sauti akasoma kibao chote kwa wenzake, akirudi nyuma kila alipokosea.

"Nani aliosha?" akauliza.

"Mimi."

Wakanitazama wote. Yule msichana akafikiri, akauliza kama anaweza kunusa. Nikafungua kabati, nikainua kifuniko, akaweka pua.

"Inanuka poa," akasema, na wenzake wakapanga foleni.

Nilikaa pale nimeshika kifuniko, mtoto baada ya mtoto, kila mmoja akivuta kwa nguvu zake zote. Sikuwahesabu. Nilipoinua macho, Akuei alikuwa mlangoni na vitabu vyake. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Akapita katikati ya watoto mpaka kwenye kabati. Hakunusa. Aliushika mkono wangu wenye kifuniko, akaushusha mpaka kibuyu kikafungika.

"Funga, mwalimu," akasema. "Itaisha."